Nani Alifua Jumatatu? Mwongozo kamili wa kuwafundisha watoto wadogo maisha ya nyumbani enzi ya Malkia Victoria

Mtoto wa miaka 6 aliitazama picha ya pasi ya chuma niliyoibandika ubaoni, akanyoosha kidole. "Mwalimu, bibi yangu anayo kama hiyo, ya mkaa. Kwa hiyo bibi ni wa wakati wa Victoria?" Darasa zima likaangua kicheko. Wiki nzima baada ya hapo hakumtaja tena bibi yake.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeandika ubaoni "Vitu vya zamani" na chini yake nikapanga pasi, taa ya mafuta, beseni na ubao wa kufulia, wala sikufikiri kwamba nusu ya vitu hivyo viko kwa bibi zao Lushoto na Muheza na vinatumika mpaka leo. Tangu siku ile nimeigeuza mada yote. Sisemi tena vitu vya zamani, nasema kazi. Kazi ya kupata maji, moto, mwanga na nguo safi: nani aliifanya, na ilimchukua muda gani? Hapo bibi habaki kichekesho. Anakuwa fundi tunayemwalika darasani.

Nawaandikia walimu wenzangu wa shule za hapa Afrika Mashariki zinazofuata mtaala wa Uingereza, na wazazi wetu walioko Leicester, Birmingham na kwingineko ambao mtoto amerudi na barua kwamba wiki ijayo kila mmoja aje amevaa kama mtu wa enzi ya Victoria. Mpango huu unawafaa watoto wa miaka 5 hadi 8. Shuleni mimi hutumia vipindi 8 ndani ya wiki 2. Nyumbani, Jumamosi 3 zinatosha.

Kwanza, chagua mwaka na nyumba

Victoria alitawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901. Hiyo ni miaka 63, na nyumba za mwanzo hazikufanana na za mwisho. Alipoanza kutawala akiwa na umri wa miaka 18, nyumba nyingi ziliwaka mishumaa na maji yalitekwa nje. Alipofariki, matajiri wachache walikuwa na balbu za umeme sebuleni. Ukiwaambia watoto "watu wa Victoria walifanya hivi", unachanganya babu na mjukuu katika sentensi moja.

Mimi huchagua miaka ya 1880, katika mji wa Uingereza. Barabarani kuna taa za gesi, ndani kuna taa za mafuta na mishumaa, jiko ni la chuma na linakula makaa ya mawe. Sheria ya 1880 imewalazimisha watoto wa miaka 5 hadi 10 kwenda shule. Dukani imefika sabuni ya Sunlight, iliyoanza kuuzwa 1884. Ni picha ambayo mtoto anaweza kuishika.

Kisha tafuta nyumba mbili, kwa sababu ukifundisha moja tu utafundisha uongo. Ya kwanza ni ya familia yenye uwezo: jiko liko chini kabisa, karibu na shimo la makaa. Juu yake sebule yenye mapazia mazito, juu zaidi vyumba vya kulala na chumba cha watoto, na chini ya paa, mahali pa baridi kuliko pote, chumba cha mtumishi. Ya pili ni chumba kimoja au viwili vya familia ya mfanyakazi wa kiwanda. Humo wanapika, wanalala, wanafua na kuoga, na bomba la maji na choo viko uani, vinashirikiwa na majirani.

Andaa vifaa mapema: kamba ya mita 4 na vibanio vya nguo, maboksi 2 makubwa, mabeseni 3 kwa kila kundi, mche wa sabuni, vitambaa vya pamba vilivyochafuliwa kidogo, majani ya chai yaliyokwisha kutumika, karafuu, taa ya chemni, na pasi ya mkaa ukiweza kuazima. Hakuna cha kununua kwa bei kubwa.

Hatua ya 1: Kamba ya shubiri

Watoto wadogo hawaelewi "miaka mia moja na ishirini". Wanaelewa shubiri. Funga kamba ukutani, uwaambie kila shubiri moja ya mwalimu ni miaka 10. Mwisho wa kulia ni leo.

Mtoto aweke kibanio mahali alipozaliwa. Atashangaa, maana akiwa na miaka 6 hajamaliza hata shubiri moja. Mama yake yuko shubiri ya 3 au ya 4. Bibi wa miaka 60 yuko shubiri ya 6. Sasa endelea kupima, wote wakihesabu kwa sauti, mpaka shubiri ya 12 na nusu: hapo ndipo Victoria alipofariki. Endelea tena hadi karibu ya 19: hapo ndipo alipopewa taji.

Simama kidogo hapo, kwa kuwa hatua hii ndiyo inayomwokoa bibi. Waulize: kutoka kwa bibi hadi Victoria kuna shubiri ngapi? Zaidi ya 6. Bibi yuko mbali na Victoria kuliko mtoto alivyo mbali na bibi yake. Wenyewe watasema, "Kumbe bibi si wa zamani sana." Kamba ibaki ukutani mpaka mada iishe.

Hatua ya 2: Maboksi mawili

Boksi moja ligawe ghorofa 4 kwa vipande vya karatasi ngumu, jingine liache chumba kimoja. Watoto wachore watu na vitu, wakate, waweke mahali pake. Usiwape majibu haraka. Swali langu ni moja tu: "Mtoto wa ghorofa ya juu anataka maji ya moto ya kunawa. Yatamfikiaje?" Wakifuatisha kwa kidole kutoka jikoni hadi juu, ngazi baada ya ngazi, mtumishi ameingia katika hadithi bila wewe kumtaja.

Na ukimtaja, mtaje vizuri. Wakati huo zaidi ya wanawake na wasichana milioni moja Uingereza walifanya kazi za ndani katika nyumba za wengine. Wengi walianza wakiwa na miaka 12 au 13. Nyumba ya mtu wa kipato cha kati ilikuwa na msichana mmoja wa kazi zote, aliyeamka alfajiri kuondoa majivu na kuwasha moto kabla hajaamka mtu.

Hapa uwe na adabu. Darasani kwangu watoto wengi wameachwa asubuhi na dada wa kazi, na wapo ambao mama zao ndio dada wa kazi. Sitaki mtoto atoke hapa akimwona dada wa nyumbani kama "mtumishi wa Victoria". Kwa hiyo huwa nawauliza: leo asubuhi nani alikuchemshia chai, na ulimwambia nini? Baadhi hunyamaza. Waache wanyamaze.

Hatua ya 3: Jumatatu, siku ya kufua

Hili ndilo somo kubwa. Lipe vipindi 2 vinavyofuatana, na ulifanyie nje.

Nyumba nyingi za Uingereza zilifua Jumatatu. Jumapili watu walivaa nguo nzuri za kanisani na, wenye uwezo, walioka nyama kubwa. Kesho yake nyama iliyobaki ililiwa ya baridi, mpishi akapata nafasi ya kufua. Kisha zilibaki siku za kutosha kukausha na kupiga pasi kabla ya Jumapili nyingine, na katika nchi ya mvua na ukungu zilihitajika kweli.

Maji yalichemshwa katika sufuria kubwa ya shaba iliyojengewa kwa matofali, moto chini yake. Sabuni ilikuwa ya kipande, ikaparuzwa ipate kuyeyuka. Nguo zilitiwa kwenye pipa, zikazungushwa kwa mti mrefu wenye miguu chini kama kigoda kidogo, au zikatwangwa kwa kifaa kinachokwenda juu na chini. Mtoto aliyewahi kushika mchi anaelewa papo hapo. Uchafu sugu ulisuguliwa kwenye ubao wenye mistari. Baada ya kusuuza, nguo zilipitishwa katikati ya magogo mawili ya mbao ya mashine ya kukamulia, mtu akizungusha mpini, mara nyingi mtoto.

Sasa fanyeni. Makundi ya watoto 5. Waanze kwa kubeba maji: kila mtoto kidumu cha lita 2, kutoka bombani hadi kwenye beseni, mpaka mabeseni yote 3 yawe na lita 10. Waambie lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Beseni la kwanza lina maji ya uvuguvugu na sabuni. Usitumie maji ya moto kwa umri huu, na magadi ya kufulia yaliyotumiwa na Waingereza yaache kabisa, yanachubua mikono. Beseni la pili ni la kusuuza. La tatu tia buluu ya kufulia kidogo sana.

Watu wazima wa kwetu wanaikumbuka buluu. Nguo nyeupe ikifuliwa mara nyingi inageuka manjano, na tone la buluu hulidanganya jicho lione weupe. Waingereza wa enzi ya Victoria walifanya vilevile, kisha nguo za kola na mashati wakazitia wanga zikakauka zimekakamaa. Mtoto wa pwani anayemwona babu akiitia kanzu dondo hahitaji maelezo zaidi.

Pima muda. Kundi langu la mwisho lilitumia dakika 25 kwa vitambaa 4 tu, na wawili walikuwa wamelowa mpaka kifuani (mwambie kila mzazi alete nguo za kubadilisha, na mwambie mara mbili). Kisha zidisha pamoja nao: nyumba ya watu 8, mashuka, taulo, nepi, aproni. Anikeni vitambaa kwenye kamba nyingine, si ile ya shubiri. Nilikosea hivyo mwaka mmoja, Malkia akaloa.

Hatua ya 4: Jumanne, pasi na bibi

Pasi ya kawaida ya Mwingereza ilikuwa bonge la chuma lisilo na mkaa ndani. Lilipashwa juu ya jiko, na mpigaji alikuwa nayo mawili: moja likifanya kazi, jingine likipata moto. Aliyetaka kujua kama limepata moto alilitemea mate kidogo asikie linavyochachatika. Watoto wangu hawajasahau hilo hata kidogo. Zilikuwepo pia pasi za boksi za kutia makaa, nazo ni ndugu wa pasi yetu ya mkaa.

Mwalike bibi mmoja, au mama wa makamo anayeijua kazi. Mwombe aje na pasi yake, na akae kwenye kiti cha mwalimu. Watoto wamwamkie shikamoo, kisha waulize maswali waliyoyaandaa jana: Bibi, unajuaje kama mkaa umekolea? Uliwahi kuunguza nguo? Cheche zikiruka unafanyaje? Pasi ikiwa na moto, watoto wakae nyuma ya mstari wa chaki mita 2, na bibi peke yake aishike. Ikipoa kabisa, kila mtoto ainyanyue kwa mkono mmoja ajue uzito wake.

Nilipoanza kufanya hivi, niliyemwalika kwanza alikuwa bibi wa yule mtoto.

Hatua ya 5: Moto, masizi na mwanga

Makaa ya mawe yalipasha nyumba, yakapika chakula na yakachafua kila kitu. Kila asubuhi majivu yalizolewa, chuma cha meko kikasuguliwa kwa dawa nyeusi mpaka king'ae, ndoo ya makaa ikapandishwa ngazi. Masizi yaliganda ndani ya dohani, na kwa miaka mingi wavulana wadogo walipandishwa humo kuyakwangua. Sheria za kuzuia jambo hilo zilipuuzwa mpaka ile ya 1875 iliyowataka wasafishaji wawe na leseni. Kwa watoto wa miaka 5 nasema tu kwamba kazi hiyo ilikuwa ya hatari, watoto waliumia, watu wakapiga kelele bungeni na magazetini mpaka ikakoma. Picha za kutisha sionyeshi.

Kwa mwanga, funga madirisha ya chumba kwa kanga nzito, washa taa moja ya chemni mezani kwako, na uwape watoto dakika 5 kuchora. Kisha fungua madirisha, waone walichochora. Baadaye, taa ikiwa imezimwa na kupoa, waonyeshe namna ya kukata utambi ulioungua vibaya na kufuta masizi kwenye kioo kwa gazeti. Katika nyumba kubwa kazi hii ilifanywa kila siku, kwa kila taa.

Hatua ya 6: Zulia na majani ya chai

Fupi, lakini wanaipenda. Majani ya chai yaliyotumika yalikamuliwa, yakanyunyizwa juu ya zulia yakiwa na unyevu, kisha yakafagiliwa pamoja na vumbi. Jaribuni kwenye mkeka wenye vumbi, nusu kwa majani na nusu bila. Mtoto mmoja atakwambia kwamba nyumbani kwao hunyunyiza maji uani kabla ya kufagia. Ni akili ileile, na mpongeze.

Hatua ya 7: Vitu vyetu ndani ya nyumba yao

Vitabu vingi vya watoto kuhusu enzi hii havifiki hapa, na mimi siwezi kuiruka. Rudini kwenye boksi la nyumba kubwa. Sebuleni kuna piano: vibonyezo vyake vyeupe vimefunikwa pembe za ndovu. Mezani kuna visu vya Sheffield, na vile vya bei vina mipini ya pembe. Sehemu kubwa ya pembe hizo ilitoka bara letu la ndani, mabegani mwa wapagazi, hadi Bagamoyo na Unguja, ikapakiwa melini. Samani zinang'aa kwa vanishi, na sandarusi, utomvu wa miti uliokauka ukawa mgumu, iliyochimbwa ardhini katika pwani ya Mrima ilikuwa miongoni mwa malighafi bora za vanishi. Jikoni kuna karafuu ya kutia kwenye pai ya matofaa, na Unguja na Pemba ndizo zilizokuwa zikiongoza duniani kwa karafuu.

Wafumbe macho, wanuse karafuu. Kisha waambie ukweli kwa maneno yanayolingana na umri wao: miaka mingi karafuu hizo zilichumwa na watu waliolazimishwa kufanya kazi bila kulipwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe ukakosa nguvu ya sheria visiwani 1897, Victoria akiwa bado hai. Tafuta shubiri hizo kwenye kamba. Usiharakishe maswali yao. Swali la nani alifua Jumatatu limekua kidogo hapa: nani alichuma, nani alibeba.

Hatua ya 8: Michezo

Kuzungusha pia, gololi, kuruka kamba, kusukuma ringi kwa kijiti: mtoto wa mtaani London wa 1885 angecheza na watoto wetu bila mkalimani. Tajiri alikuwa na farasi wa mbao wa kubembea na mwanasesere mwenye uso wa kauri. Katika familia nyingi za dini kali midoli iliwekwa kabatini Jumapili, isipokuwa safina ya Nuhu na wanyama wake wa mbao, kwa kuwa imetoka kwenye maandiko.

Tengenezeni kidude kimoja cha wakati ule. Kata duara la karatasi ngumu, upana wa sentimita 8. Upande mmoja chora ndege. Ligeuze kutoka juu kwenda chini, kama unavyogeuza chapati, kisha upande wa pili uchore tundu la kufugia ndege. Toboa kushoto na kulia, funga uzi kila upande, usokote kwa vidole. Duara likizunguka haraka, ndege anaonekana yumo ndani ya tundu. Tundu likitokea miguu juu, umeligeuza kama ukurasa wa kitabu, lichore upya.

Siku ya mavazi, na mambo mawili ninayoyakataa

Msichana: sketi ndefu, aproni nyeupe, shali na kofia ya kitambaa. Wanawake wa enzi hiyo walifunika nywele mara nyingi, kwa hiyo kofia juu ya hijabu inakaa vizuri kabisa. Mvulana: shati, kizibao na kofia bapa. Wavulana wadogo wa wakati huo, kabla ya kufika miaka 5 au 6, walivaa magauni kama dada zao. Walioko Uingereza wawapeleke watoto kwenye makumbusho ya Blists Hill kule Shropshire, Beamish kaskazini, au nyumba za Back to Backs mjini Birmingham, ambako chumba cha maskini unakiingia kwa miguu yako.

Nakataa igizo la mwalimu mwenye fimbo. Shule nyingi hulifanya kama mzaha. Kwa watoto wetu wengi fimbo si historia, wanaijua. Nakataa pia kugawa watoto, hawa mabwana na hawa watumishi, siku nzima. Kama mnaigiza, kila baada ya dakika 10 wabadilishane.

Kupima walichoelewa

Hakuna mtihani. Siku ya mwisho wape karatasi moja: "Chora nyumba ya Waingereza Jumatatu asubuhi mwaka 1885." Ukipata malkia mwenye taji na gauni pana peke yake, mtoto huyo mrudishe kwenye beseni. Ukipata mvuke, kamba ya nguo, na mtu aliyeinama amekunja mikono ya gauni, muulize mtu huyo anaitwa nani na aliamka saa ngapi. Mwaka jana msichana mmoja alinijibu kwamba anaitwa Mary, ameamka saa 11 alfajiri, na kesho bibi atakuja kumsaidia kupiga pasi.